Sabuni ya Mistari ya Bluu

Yustina tulimzika Namanyere, na kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alitumia muda mfupi kuliko yule aliyetangaza utaratibu wa chakula. Alizaliwa Sumbawanga, alisema, akamaliza darasa la saba, akafunga ndoa, akajaliwa watoto na wajukuu, alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi, aliugua kwa muda mfupi. Basi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, kati ya wazee wenzangu, nikisubiri aseme jambo moja tu, na hakulisema kwa sababu hakulijua, na hakulijua kwa sababu Yustina mwenyewe hakupata kuwasimulia watoto wake. Tulipokuwa tunanawa mikono, binti yake mkubwa aliniuliza, "Mama mkubwa, wewe na mama mlijuana wapi?" Nikamwambia tulikaa nyumba moja Chanji, zamani. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akaenda kuwahudumia wageni wengine. Nilirudi na basi la jioni nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Wote niliokuwa na haki ya kuwakasirikia ni marehemu, isipokuwa mmoja.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa msako wa walanguzi. Vita vilikuwa vimekwisha zamani kidogo, na maduka yalikuwa yamebaki na rafu, kiberiti kimoja kimoja, na muuzaji aliyekaa juu ya gunia akisubiri kuulizwa ili ajibu hakuna. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, msichana wa Mbeya niliyeletwa Sumbawanga kwa barua ya uhamisho, na nilipanga chumba mtaa wa Chanji kwa mjane mmoja wa Kifipa aliyeitwa Mama Kiliani. Kiliani mwenyewe, mtoto wake wa kwanza, alifariki akiwa mchanga. Jina lilibaki kwa mama. Aliyebaki nyumbani alikuwa Yustina, ambaye tulilingana umri. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, haikuwa na dari, kwa hiyo kila neno lililosemwa chumba kimoja lilipanda juu ya ukuta na kushuka chumba kingine. Mama na binti waliongea Kifipa wakiwa wawili. Walipotaka nisikie, walibadili wakaongea Kiswahili bila kupandisha sauti, na hivyo ndivyo nilivyokuwa naitwa kula. "Ugali umeiva," Mama Kiliani alikuwa akisema upande wa pili wa ukuta, kama anayejisemea, na mimi nilikuwa naamka kitandani na kwenda jikoni. Ulikuwa ugali wa ulezi, mweusi, mzito, na maharage, na siku za bahati mgebuka mkavu, samaki wa ziwani, kutoka Kipili. Jiko lilikuwa kibanda cha nyuma, na kwa upepo wa baridi wa uwanda ule, hasa mwezi wa sita na wa saba, hapakuwa na mahali pengine ambapo mtu mwenye akili angependa kukaa.

Kitu kilichotuumiza kuliko sukari kilikuwa sabuni. Bila sukari mtu anakunywa uji mkavu na maisha yanakwenda. Bila sabuni mtu ananuka, naye anajua ananuka, na anakaa ofisini na wenzake wanaojua kwamba anajua. Watu walifua kwa majivu, walifua kwa magadi, nguo zikachakaa kabla ya wakati wake. Mama Kiliani alikuwa amewahi kupika jikoni misheni, na bruda mmoja, mtawa wa pale, aliyekuwa amekwisha rudi kwao Ulaya, alimfundisha kutengeneza sabuni kwa mafuta ya ng'ombe na kostiki, ile dawa nyeupe inayounguza mikono. Alikuwa na debe la kostiki alilopewa siku alipoacha kazi, amelificha chini ya kitanda kama watu wengine wanavyoficha dhahabu. Mwaka ule akalitoa. Alichemsha shahamu kwenye pipa lililokatwa nusu, akachanganya, akakoroga, akamimina kwenye kasha la mbao, na sabuni yake ya kwanza ikatoka rangi ya udongo wa mtoni, na madoa kama ngozi ya mgonjwa.

Watu waliinunua kwa sababu hapakuwa na nyingine. Lakini niliona walivyoinunua. Waliifunga haraka kwenye kanga. Nyumba moja niliyoitembelea, mwenye nyumba aliificha nyuma ya ndoo nilipoingia kunawa, akanipa maji matupu, hali mimi niliona ilipotengenezwa. Sokoni mwanamke mmoja aliigeuzageuza mkononi akamuuliza Yustina, "Hii ni ya kuogea, au ya kusiribia ukuta?" Wenzake wakacheka. Yustina alirudi nyumbani akaweka beseni chini, akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, "Inatoa povu kuliko ya kiwandani. Inatoa uchafu kuliko ya kiwandani. Wanataka nini?" Mama yake akamjibu kutoka jikoni, "Wanataka isionekane kwamba ni yetu."

Hapo ndipo ilipoanza shughuli ya rangi. Nimefanya kazi na wahandisi baadaye maishani, nimewapigia chapa ripoti zao, na sijamwona mtu aliyelishikilia jambo kama Yustina alivyoishikilia rangi ya sabuni. Alianza na manjano ya kupikia. Alidhani sabuni itatoka ya njano, kama ile miche mirefu tuliyoizoea kabla ya uhaba. Manjano ilipogusa kostiki ikageuka nyekundu kama damu, sisi wawili tukaruka nyuma, na ilipokauka ikawa rangi ya kutu, kisha jua likaipausha mpaka ikafanana na ile ya kwanza. Akaponda majani ya mchicha apate kijani. Kwenye pipa ilikuwa ya kijani ya kupendeza mno, hata Mama Kiliani alisimama akaitazama. Juma lililofuata ilikuwa rangi ya kinyesi cha ng'ombe. Mimi nikaiba wino ofisini, ule wa zambarau wa mihuri, nikauleta kwenye chupa ya dawa. Ulizama kwenye sabuni ukapotea kabisa, kama hatukutia kitu. "Serikali imeliwa na mafuta," Yustina akasema, tukacheka mpaka Mama Kiliani akatuuliza kama tumekunywa. Nakumbuka kicheko kile vizuri. Nikijaribu kuusikia uso wa Yustina, kama mtu anavyoweza kuusikia uso, nausikia hapo.

Siri ya kwanza haikuwa rangi, ilikuwa usafi. Yustina aligundua kwamba shahamu ikichemshwa na maji na chumvi, ikaachwa igande, ikakwanguliwa uchafu wa chini, ikachemshwa tena na tena, inakuwa nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Kisha akaongeza mawese kidogo, yale mekundu yanayoletwa na watu wa ziwani, na sabuni ikapata rangi ya siagi. Akizidisha mawese inakuwa ya chungwa na inanuka. Akipunguza inarudi kuwa nyeupe iliyopooza. Kipimo chake kilikuwa kikombe cha bati chenye pengo, na hakumruhusu mtu mwingine akishike. Lakini hata hiyo ya rangi ya siagi hakuridhika nayo. Alitaka ile ya mistari ya bluu. Kila mtu mzima alikuwa anaikumbuka, mche mweupe wenye bluu inayopita ndani yake kama mishipa, sabuni ya watu wenye maji ya bomba.

Bluu tuliipata kwa Ambakisye. Lazima sasa nimweleze Ambakisye, ingawa ningependa kumaliza habari hii bila yeye. Alikuwa kijana wa kwetu, wa Tukuyu, karani katika ofisi ya jirani na yangu, na wazee wetu walikuwa wamekwisha kuonana kuhusu sisi. Alikuwa mcheshi, msafi, mwenye mashati meupe manne ambayo aliyafua mwenyewe na kuyasuuza kwa bluu ya kufulia aliyoletewa na rafiki yake wa Tunduma. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kula kwetu. Mama Kiliani alimpenda, alimpa kichwa cha samaki, na yeye alimwamkia shikamoo akiwa amepiga goti kidogo, jambo ambalo vijana wa ofisini walikuwa wameanza kuliacha. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akakunja mikono ya shati, akakoroga pipa pamoja nasi. Yustina alipomuuliza kama bluu yake inavumilia kostiki, alisema hajui, na Jumapili iliyofuata akaja na pakiti mbili mfukoni. "Hiyo ndiyo rangi ya mashati yangu," alimwambia. "Mkiipoteza nitavaa kaki."

Haikupotea. Kwenye kostiki ilibaki bluu ileile. Ila kuifanya iwe mistari ilituchukua muda mrefu wa masika. Ukiimimina sabuni ikiwa ya moto, bluu inasambaa na mche wote unakuwa kama anga la mvua. Ukichelewa, bluu inakaa juu kama mabonge. Yustina alijifunza kuinua mwiko na kutazama tone linavyoanguka. Likizama mara moja, bado. Likikaa kidogo juu kabla ya kuzama, ndiyo. Hapo alimimina nyeupe, akachirizia bluu juu yake kwa kopo lililotobolewa, akamimina nyeupe tena, kisha akapitisha kijiti cha mkaratusi mara moja tu, kwa mkono mwepesi, kama anayefuta jasho la mtoto. Siku tulipolifungua kasha lililokubali, alikata kwa waya, mche ukaanguka ubavu, na ndani yake bluu ilikuwa imepita kwenye ile rangi ya siagi kama mito inavyoonekana kwenye ramani. Ambakisye alikuwepo. Alipiga mluzi wa chini. Mama Kiliani aliuchukua mche, akaunusa, akaupimapima mkononi. "Sasa hii," alisema, "mtu hataificha."

Na kweli hawakuificha. Waliiweka kwenye visahani, juu ya mawe ya kufulia, mahali pa kuonekana. Watu walikuja mpaka mlangoni. Lakini sabuni ya namna ile haiuzwi mbichi. Inataka ikae juma baada ya juma, ikauke, ukali wa kostiki uishe. Kwa hiyo chumba cha Yustina kilijaa. Aliipanga miche juu ya mbao, safu juu ya safu, mpaka chini ya dirisha, na yeye akawa analala kwenye mkeka katikati yake. Ukifungua mlango ulikutana na harufu safi, kavu, na ukutani kote yale mabluu yanakutazama. Ninaamini hiyo ndiyo ilikuwa furaha kubwa ya maisha yake. Nilimwona jioni moja amekaa kwenye mkeka, hafanyi kitu, anaitazama tu.

Msako ulipokuja tulikuwa tumekwisha kuusikia redioni. Walanguzi, waficha bidhaa, wanyonyaji. Maneno yale tuliyakubali, hata mimi niliyakubali, kwa sababu wafichaji walikuwepo na tuliwachukia. Hatukufikiri hata kidogo kwamba yanatuhusu. Ilikuwa Jumamosi mchana. Walikuja mgambo, mjumbe wetu wa nyumba kumi, kiongozi wao ambaye alikuwa mtu wa makamo mwenye suti ya Kaunda, na, nyuma yao, ameshika kalamu, Ambakisye. Alikuwa amechaguliwa kuwa mwandishi wa kamati. Hakuwa ameniambia.

Walifungua chumba cha Yustina. Kiongozi alisimama mlangoni, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Mama, sabuni hii yote ni ya nani?"

"Ni yangu," alisema Mama Kiliani. "Tunapika wenyewe."

"Mnapika." Alichukua mche mmoja, akaugeuza kwenye mwanga. "Mistari hii mnapika?"

"Ndiyo, ndugu. Mwanangu ndiye anayeitia."

"Na kwa nini imekaa hapa? Kwa nini haijauzwa?"

"Inasubiri."

"Inasubiri nini? Bei ipande?"

Yustina akaanza kueleza habari ya kukauka, akaeleza haraka mno, akachanganya Kifipa na Kiswahili, akasema bluu, akasema tone, akasema kijiti cha mkaratusi, na nikaona uso wa yule mtu ukijifunga kadiri anavyoelezwa. Maneno yake yalikuwa kweli tupu na yalisikika kama ya mtu anayebuni. Mama Kiliani alimwonyesha pipa. Kiongozi akasema kila nyumba ina pipa. Mama akamwonyesha debe la kostiki. Kostiki ilikuwa imekwisha, na yeye akasema ni debe tupu. Ndipo kiongozi akageuka. "Ndugu mwandishi, wewe ni mtu wa mtaa huu. Umewahi kuona sabuni ikipikwa hapa?"

Ambakisye alitazama karatasi yake. Alikuwa amevaa shati jeupe. "Nimewahi kusikia harufu ya mafuta," alisema. "Sabuni yenyewe ikipikwa, sijaona."

Nikasema, "Amba, bluu ni yako." Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama ninayemkumbusha kitu alichosahau. Hakuinua macho.

"Na huyu ni nani?" kiongozi akauliza.

"Mpangaji," mjumbe akajibu.

"Mpangaji aende chumbani kwake."

Sikwenda. Nilisema yote, kwamba nimekoroga, kwamba Ambakisye amekoroga kwa mikono yake, kwamba amekula hapa kila Jumapili. Kiongozi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia mgambo waanze kubeba. Mama Kiliani akasema mali yote ni yake, binti hana lake, akaomba avae sweta. Yustina alisimama ukutani akiangalia miche inavyotolewa kwa mikono mitupu, mingine ilikuwa bado mibichi ikawa inabonyea vidole, na neno pekee alilosema ni, "Hiyo ya chini haijaiva, itawaunguza."

Walimweka Mama Kiliani mahabusu. Tulimpelekea ugali, na mlinzi aliuchoma kwa kijiti kutafuta sijui nini. Mama Kiliani hakuuliza habari za kesi. Aliuliza kama mafuta yaliyobaki yamefunikwa. Halafu ikatolewa nafasi, na mimi kwa ujinga wangu niliifurahia, kwamba kama kweli anajua kupika, basi apike mbele yao. Wakamletea shahamu ya machinjioni yenye damu na nyama. Kostiki waliipata mahali. Mawese hayakuwepo, bluu haikuwepo, na muda wa kuchuja haukuwepo, kwa sababu kiongozi alikuwa na shughuli nyingine mchana. Yustina hakuruhusiwa kuingia. Mama Kiliani alipika kwenye ua wa nyuma wa mahabusu kwa mafiga matatu, amevaa sweta lake, anakohoa moshi. Kesho yake walilifungua kasha ikatoka ile ya rangi ya udongo. Kiongozi alishika kipande kile mkono mmoja, na mkono mwingine akashika mche wa mistari. "Hii ndiyo unayoweza kupika," alimwambia. "Nakubali. Sasa niambie hii nyingine imetoka wapi."

Nimefikiri miaka mingi juu ya swali lile. Kama Yustina angekuwa mvivu kidogo, kama angeridhika na rangi ya kutu, wangeingia, wangecheka, wangetoka. Tulifikishwa pale na uzuri wa kazi yenyewe. Watu wale hawakuwa na chuki na Mama Kiliani. Hawakuweza tu kuamini kwamba kitu kizuri kinaweza kutoka kwenye kibanda cha nyuma huko Chanji, na redio iliyokuwa ikituimbia kujitegemea kutwa nzima haikuwasaidia kuamini.

Sabuni iliyochukuliwa tuliambiwa itagawiwa wananchi. Juma lililofuata niliikuta ofisini kwetu, kwenye sinki la wakubwa, kipande kizima, bado kina alama ya waya wa Yustina. Nilinawa nayo. Baadaye niliona aibu kwamba nilinawa, lakini nilikuwa sijaigusa sabuni kwa siku nyingi.

Ambakisye alinisubiri nje ya kanisa. Alisema, "Ningesema ukweli ningekwenda naye. Wangesema nashirikiana nao. Ungefurahi?" Nikamwambia sijui kama ningefurahi, lakini ningemletea ugali. Hilo ndilo la mwisho nililomwambia kama mchumba. Wazee wetu walishughulikia mengine. Yeye alipanda vyeo, na sisemi alipanda kwa ajili ya siku ile. Alikuwa mwerevu, angepanda tu. Miaka mingi baadaye tulikaa meza moja kwenye harusi huko Tukuyu, yeye mzee wa kanisa, mimi bibi mwenye wajukuu. Alinisalimia vizuri, akanimiminia soda, kisha akasema, kwa macho ya mtu anayekumbuka mambo matamu ya ujana, "Nyie mlikuwa mnapika sabuni nzuri sana." Nilitafuta usoni mwake dalili ya kitu kingine. Hakikuwepo.

Mama Kiliani aliachiwa mvua zilipoanza. Hakukuwa na hukumu, hakukuwa na maelezo. Aliambiwa aende nyumbani na asirudie. Alirudi amekonda, kikohozi kimemkaa kifuani, na alikaa jikoni siku nzima bila kusema Kifipa wala Kiswahili. Siku moja aliomba pipa. Yustina alifurahi, akaweka shahamu motoni na maji na chumvi, akaanza kukwangua uchafu. Mama yake akamshika mkono.

"Usichuje."

"Itatoka mbaya, mama."

"Itoke mbaya."

"Nina mawese kidogo. Hata nyeupe tu, bila bluu."

"Yustina," alisema, "nimesema itoke mbaya. Nataka mtu akiingia humu, ajue ni yangu."

Walipika hivyo mpaka kostiki ya kuombaomba ilipokwisha. Yustina alikoroga bila kutazama tone. Sikumsikia tena akizungumza habari ya rangi, si mwaka ule, wala nilipokuja kumtembelea ameolewa Namanyere, wala hospitalini mwezi uliopita nilipomshika mkono. Niliwahi kujaribu kumwuliza. Alinijibu kwamba amesahau vipimo.

Mama Kiliani alifariki kabla ya mavuno ya ulezi. Wanawake wa jumuiya walikuja kumwosha, wakaomba sabuni, na Yustina akapekua nyumba nzima, chini ya vitanda, juu ya kuta zisizo na dari, nyuma ya mitungi, akitafuta hata kipande kimoja cha mistari ambacho huenda mgambo walikiacha. Hakikuwepo. Tukamwosha kwa ile ya rangi ya udongo. Ilitoa povu jingi, jeupe kabisa, na Yustina akawa anamwagia maji polepole, analitazama likishuka.